Swala ni nini, na kuisimamisha ni vipi?

Andika "swala" kwenye simu uone yatakayokuja. Utamkuta mnyama wa porini mwenye miguu myembamba, utawakuta watu wanaolalamikia "swala la ajira" wakiwa wamekusudia suala, na katikati ya msongamano huo ndipo ibada ya Waislamu ilipo. Wengine huiandika sala. Asili ni moja, neno la Kiarabu linaloandikwa kwa swadi, ile herufi nzito ambayo baadhi yetu huitamka "sw" na baadhi "s". Hapa nitashika swala na kitenzi chake kuswali, kwa kuwa kusali ni kitenzi cha watu wa dini zote: mtu akikwambia "nimesali", hujui kama aliomba kimoyomoyo akiwa kitandani au alitawadha akaelekea kibla. Akisema "nimeswali", umeshajua.

Kilugha, swala ni dua. Maana hiyo kongwe haijafa, na Kiswahili chenyewe kinaitunza: tunasema kumswalia Mtume, na hakuna anayedhani kwamba Mtume anaabudiwa. Anaombewa rehema. Katika sura ya 9, aya ya 103, Mtume Muhammad anaamrishwa apokee sadaka katika mali za watu kisha "awaswalie", maana yake awaombee, kwa sababu dua yake ni utulivu kwao. Hapo hakuna kurukuu, yaani kuinama, wala kusujudu.

Katika sheria neno likabanwa. Wanavyuoni wakasema: swala ni maneno na vitendo maalumu, vinavyofunguliwa kwa takbira, yaani kusema "Allahu Akbar", na kufungwa kwa salamu, kwa masharti maalumu. Ukilitazama vizuri tamko hilo, uzito wote umekaa kwenye "maalumu". Dua unaitunga mwenyewe, kwa lugha yako, umelala au unatembea, una udhu au huna. Swala hukuitunga wewe. Ina saa yake, ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na ndani yake mwili unafanya kazi sawa na ulimi. Ndiyo maana kuitafsiri kwa "maombi" peke yake kunapotosha kidogo. Maombi yamo, tena mengi, lakini mtu anaweza kuomba usiku kucha na bado akawa hajaswali Isha.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Qurani hulipita haraka. Amri ya swala mara nyingi haiji kwa neno "swalini". Inakuja "simamisheni swala", kama vile nguzo inavyosimamishwa mpaka ikabeba paa. Sura ya 107 inawatishia kwa ole watu ambao wanaswali, ila wanaipuuza swala yao. Kumbe inawezekana mtu aswali na asiwe ameisimamisha. Kwa maoni yangu, mengi yanayosemwa kuhusu ibada hii yamo katika nafasi hiyo ndogo kati ya vitenzi viwili.

Swala za faradhi ni tano kwa siku, na kila moja hupimwa kwa rakaa, yaani mzunguko mmoja wa kusimama, kurukuu na kusujudu mara mbili: Alfajiri rakaa 2, Adhuhuri 4, Alasiri 4, Magharibi 3, Isha 4. Jumla rakaa 17, na sijida 34. Hadithi, yaani mapokezi ya maneno na matendo ya Mtume, zinasema zilifaradhishwa usiku wa Miraji, safari ya Mtume kupaa mbinguni, kabla ya Hijra, yaani kuhamia kwake Madina, ya mwaka 622, na kwamba mwanzo zilikuwa 50. Nabii Musa akawa anamrudisha Mtume kwa Mola wake aombe zipunguzwe, mara baada ya mara, mpaka zikabaki 5 zenye ujira wa 50.

Leo nyakati zake tunazisoma kwenye kalenda au programu ya simu, lakini asili yake ni jua, na yeyote anaweza kuliona kwa macho yake. Simika kijiti cha sentimita 100 mahali pa wazi. Kivuli kitafupika asubuhi yote mpaka kifike kikomo chake. Tuseme kikomo hicho ni sentimita 20. Kikianza tu kurefuka tena, jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Kikifika sentimita 120, yaani urefu wa kijiti ukijumlisha zile 20 za mwanzo, ni Alasiri, kwa kauli ya wanavyuoni wengi. Katika madhehebu (shule ya sheria) ya Hanafi kauli mashuhuri husubiri urefu wa vijiti viwili, hivyo 220. Magharibi ni jua kuzama, Isha ni wekundu wa jua lililozama kutoweka, na Alfajiri ni tangu weupe wa kweli utandae kwenye upeo wa macho hadi jua lichomoze. Kwenye nchi za kaskazini ya mbali, ambako kuna majira wekundu ule hautoweki usiku kucha, wanavyuoni hukadiria.

Kabla ya kusimama kuna maandalizi. Udhu kwanza, na nguzo zake zimo katika sura ya 5, aya ya 6: kuosha uso, kuosha mikono hadi viwiko, kupaka maji kichwani, miguu hadi vifundo. Mwenye janaba, kama aliyefanya tendo la ndoa, anakoga mwili mzima. Aliyekosa maji, au yatamdhuru, anatayamamu kwa udongo safi. Kisha mwili, nguo na mahali viwe safi bila najisi, uchi usitiriwe, wakati uwe umeingia, na uso uelekee kibla, yaani Kaaba ya Makka. Zamani haikuwa hivyo: Mtume alipofika Madina aliswali miezi 16 au 17 akielekea Baitul Maqdis, yaani Yerusalemu, ndipo ikashuka amri ya kugeuka. Basi jengo halisujudiwi. Ni upande ambao wote wanaelekea.

Sasa mtu amesimama. Nia iko moyoni. Anainua mikono usawa wa mabega au masikio, anasema "Allahu Akbar". Takbira hii ya kwanza inaitwa takbira ya kuhirimia, na jina linajieleza: kuanzia hapo yaliyokuwa halali sekunde moja nyuma, kama kula, kunywa na kuzungumza na mtu, yamekuwa haramu mpaka atoe salamu. Simu ikiita, inaita.

Anasoma Fatiha, sura ya kwanza ya Qurani, ile Alhamdu ya aya 7 ambayo hakuna rakaa bila hiyo. Mwenye kuswali faradhi zake zote peke yake huisoma mara 17 kwa siku, na ndiyo maana huponyoka mdomoni upesi kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Lakini iko hadithi kudusi, yaani Mtume akisimulia maneno ya Mungu, aliyoipokea Muslim, mkusanyaji wa hadithi, ambayo ukishaisikia ni vigumu kuisoma Alhamdu kwa pupa tena. Mwenyezi Mungu anasema ameigawa swala nusu mbili, baina yake na mja wake. Mja akisema "Alhamdulillahi Rabbil alamin", Mungu husema: mja wangu amenihimidi. Akisema "Ar-Rahmanir Rahim": mja wangu amenisifu. Akifika "Iyyaka naabudu wa iyyaka nastain", wewe tu tunakuabudu na wewe tu tunakuomba msaada, hujibiwa: hili ni baina yangu na mja wangu, na mja wangu atapata alichoomba. Kwa hiyo ni mazungumzo, na mazungumzo yanataka pumzi kati ya kauli na kauli. Fatiha yenyewe hapa inaitwa kwa jina la swala, kana kwamba moja ndiyo nyingine.

Baada ya sura au aya nyingine anarukuu, mgongo umenyooka, mikono imeshika magoti, akisema "Subhana Rabbiyal Adhim". Anainuka mpaka asimame wima, kituo kinachoitwa itidali. Kisha anashuka kusujudu kwa viungo saba: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili na ncha za miguu miwili. Hapo ndipo paji la uso, ambalo mtu hulilinda na hataki hata liguswe, linapokuwa chini sawa na nyayo, na wakati huohuo ulimi unasema "Subhana Rabbiyal Aala", ametakasika Mola wangu aliye juu kabisa. Mtume amesema mja huwa karibu zaidi na Mola wake akiwa katika sijida, na akahimiza dua ziongezwe hapo. Anakaa, anasujudu mara ya pili, na rakaa moja imetimia. Kila baada ya rakaa mbili, na mwisho wa swala, kuna kikao cha tahiyatu, yaani kusoma maamkizi na shahada akiwa amekaa.

Kuna mtu mmoja aliyafanya yote hayo na akaambiwa hajaswali. Bukhari na Muslim, wakusanyaji wawili wa hadithi, wote wamekipokea kisa chake. Aliingia msikitini, akaswali, akaja kumsalimia Mtume. Mtume akaitikia salamu, kisha akamwambia: "Rudi ukaswali, kwani hukuswali." Akarudi, akaswali vilevile, akaja tena, akaambiwa vilevile. Mara tatu. Mwishowe akasema: naapa kwa aliyekutuma kwa haki, sijui vizuri zaidi ya hivi, nifundishe. Akafundishwa: utoe takbira, usome kilicho chepesi kwako katika Qurani, urukuu mpaka utulie katika rukuu, uinuke mpaka usimame sawasawa, usujudu mpaka utulie katika sijida.

Neno linalorudi ni kutulia. Wanavyuoni huliita tumaanina: kila kiungo kikae mahali pake kabla ya kuhamia tendo linalofuata. Hadithi nyingine inakataza kudonoa sijida kama kunguru, na huhitaji kufafanuliwa ukishamwona kunguru akidonoa. Ajabu ni kwamba mabishano yetu mengi yako kwingine: mikono ifungwe kifuani, chini ya kitovu au iachwe ining'inie kama wafanyavyo wafuasi wa madhehebu ya Ibadhi na wengi wa Maliki, kidole kitikiswe au kitulie kwenye tahiyatu, kunuti, dua isomwayo mtu akiwa amesimama, isomwe Alfajiri kama wafanyavyo wa Shafii au isisomwe. Ni masuala ya kielimu na yana dalili zake, sikatai. Ila yule mtu wa msikitini hakurudishwa kwa sababu ya mikono yake.

Moyo ukitoroka je? Utatoroka. Unyenyekevu, yaani khushui, ni jambo la kulitafuta kila siku, na fikihi, elimu ya sheria za dini, haikuwadai watu wasichokiweza: imeweka dawa ya kusahau. Aliyetia shaka kama ameswali rakaa tatu au nne ashike tatu, kwa kuwa hizo ana yakini nazo, akamilishe, kisha asujudu sijida mbili za kusahau. Mtume mwenyewe aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika swala ya rakaa nne. Watu wakanyamaza kwa haya, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa akiitwa Dhul-Yadayn, mwenye mikono mirefu, akauliza: umesahau au swala imefupishwa? Akawauliza waliokuwepo, wakamsadikisha. Akakamilisha, akasujudu mara mbili.

Urahisi huo uko kwingine pia. Msafiri hufupisha swala za rakaa nne zikawa mbili, na madhehebu mengi humruhusu kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Mgonjwa aliambiwa: swali umesimama, usipoweza umekaa, usipoweza kwa ubavu. Mwanamke aliye katika hedhi haswali wala halipi, ingawa funga ya Ramadhani huilipa. Kisichokuwepo ni ruhusa ya mwenye akili zake timamu kuiacha tu. Hata aliyelala au kusahau huiswali akumbukapo.

Kuswali jamaa, yaani kwa pamoja, kunazidi swala ya mtu peke yake kwa daraja 27, na riwaya nyingine inasema 25. Imamu hutangulia, maamuma hufuata, na aliyechelewa, masbuki, akimkuta imamu katika rukuu na akatulia naye humo, wengi wanasema ameipata rakaa hiyo. Ijumaa, rakaa mbili zenye hotuba mbili huchukua nafasi ya Adhuhuri. Nje ya faradhi kuna sunna nyingi, kama witri ya usiku, dhuha ya asubuhi, tarawehe za usiku wa Ramadhani na swala za Idi mbili. Swala ya jeneza ni faradhi ya kutosheleza: wakiiswali baadhi, dhima imewatoka wengine. Nayo iko peke yake, kwani haina rukuu wala sijida. Takbira nne, wote wamesimama, na dua kwa maiti, karibu kabisa na ile maana ya kwanza ya neno.

Inabaki salamu, mlango wa kutokea. Mtu anageuza uso kulia, "Assalamu alaikum wa rahmatullah", kisha kushoto. Msikitini inaeleweka, kuna watu pande zote mbili. Lakini aliye peke yake chumbani saa za usiku naye hugeuka vilevile, kulia na kushoto, kwa tamko lilelile la wingi. Vitabu vya fikihi vinamwambia awanuie malaika na waumini, wa kibinadamu na wa kijini, walio upande huo.