Msanii wa kimataifa ni wa mataifa gani?

Ubishi wa vijiweni kuhusu muziki una swali moja lisiloisha: nani ni "wa kimataifa"? Mmoja atataja tuzo, mwingine atataja watazamaji wa YouTube, wa tatu ataapa kwamba kama Marekani hawakujui bado hujatoboa. Mabango ya maonyesho hapa Dodoma nayo hayasaidii, maana neno hilo hubandikwa hata kwa mtu ambaye safari yake ya mbali kuliko zote ni Nairobi.

Kwa maana ya kawaida, msanii wa kimataifa ni yule ambaye nyimbo zake zinapigwa, zinanunuliwa na zinamwingizia kipato nje ya nchi yake. Basi. Maana hiyo haisemi nchi ngapi wala zipi. Hakuna mlango mmoja wa dunia ambao ukishaupita umefika kote. Kuna masoko, na kila soko lina redio zake, lugha yake, mapromota wake na historia yake. Jina linalojaza viwanja nchi moja laweza kupita nchi ya jirani na mtu asigeuze shingo. Wauza muziki wanalijua hili siku nyingi. Sisi mashabiki ndio tunaoyachanganya yote kwenye kapu moja.

Mfano unaotajwa sana ni Robbie Williams. Mwaka 2003 Mwingereza huyu, aliyeanzia kundi la Take That, alifanya maonyesho ya siku tatu mfululizo Knebworth, Uingereza, wakaingia watu wapatao 375,000. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni ya kurekodi muziki ya EMI ilikuwa imesaini naye mkataba ulioripotiwa kuwa wa pauni milioni 80, na Marekani ilikuwa kwenye hesabu hizo. Haikuitika. Wimbo wake wa "Angels", ambao Waingereza huupiga harusini na msibani, ulikuwa umeishia nafasi ya 53 kwenye Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani. Akahamia Los Angeles, akawa anatembea mitaani kama mtu yeyote, na amewahi kusema kwamba raha ya kutojulikana aliipenda. Filamu ya maisha yake ilipoingia kumbi za Marekani mwishoni mwa 2024, iliuza vibaya, na watu walikuwa wanaulizana mtandaoni huyu bwana ni nani.

Ukimsikiliza huwezi kusema tatizo ni sauti. Redio za Marekani zimegawanyika kwa aina ya muziki: kituo cha kantri ni cha kantri, cha hip hop ni cha hip hop, cha roki ni cha roki. Robbie ni mtumbuizaji wa kila kitu, mwenye utani wa Kiingereza unaomtaka msikilizaji awe anajua maisha yake, magazeti yanayomwandama na kundi alilotoka. Muingereza alikuwa na hadithi nzima kichwani kabla wimbo haujaanza. Mmarekani alipewa wimbo tu.

Mwingereza mwenzake, Cliff Richard, ni hivyohivyo, tena kwa muda mrefu zaidi. Uingereza alishika namba moja mara 14, ya kwanza mwaka 1959 na ya mwisho 1999. Marekani aliingia kumi bora mara chache tu, kati ya 1976 na 1980, mlango ukajifunga.

Wengi hukimbilia kusema ni lugha. Lugha inahusika, lakini haitoshi kueleza. Kundi la The Tragically Hip la Canada liliimba Kiingereza, likaishi jirani kabisa na Marekani, na bado lilibaki la Wakanada. Lilipofanya onyesho lake la mwisho mji wa Kingston, Agosti 2016, mwimbaji wao akiwa na saratani ya ubongo, watu milioni 11.7 walifuatilia matangazo ya CBC, shirika la utangazaji la Canada, karibu theluthi ya nchi nzima. Ng'ambo ya mpaka, Wamarekani wengi hawakujua kwamba kuna kitu kinaendelea. Naye Hikaru Utada, nyota wa Japani, alizaliwa New York na Kiingereza anakiongea kama mwenyeji. Albamu yake ya 1999 ndiyo iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Japani, zaidi ya nakala milioni 7. Mwaka 2004 akatoa albamu ya Kiingereza kwa ajili ya Marekani. Ikafika nafasi ya 160.

Kinachosaidia kuelewa ni kuuliza nani anaubeba wimbo hadi masikioni mwa watu. Ufaransa, tangu Januari 1996, sheria inataka angalau asilimia 40 ya nyimbo zinazopigwa redioni ziwe za Kifaransa, kwa hiyo mgeni anagombea nafasi iliyobaki. Kwetu, kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa peke yake hewani upande wa bara, na ilijenga masikio ya taifa kwa dansi na kwaya. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye madansi ya Dar es Salaam. Redio za watu binafsi zilikuja miaka ya 1990, zikaja na R&B na hip hop. Msanii aliyetamba nje katika pengo la kati alitegemea kanda za kaseti za watu waliotoka safari.

Hapo ndipo kantri inaponishangaza. Ukipita Jumapili asubuhi mitaa ya Area C au Kikuyu, hutakosa nyumba ambayo baba anaosha gari huku Jim Reeves au Don Williams anaimba kwa upole. Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1964, na bado anaishi barazani kwetu, kama anavyoishi Kenya na Nigeria. Don Williams alifika hadi Harare kuimba mwaka 1997, kukarekodiwa video. Sasa mchukue Garth Brooks. Kwa hesabu za chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, albamu zake zilizouzwa nchini humo ni zaidi ya milioni 150, na hakuna mwimbaji wa peke yake aliyemzidi. Mwaka 2022 alijaza uwanja wa Croke Park, Dublin, siku tano. Dodoma?

Karibu na soko la Sabasaba kuna kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Kompyuta ni ya zamani, herufi za kibodi zimefutika, lakini mafolda yamepangwa vizuri kuliko maktaba: Singeli, Injili, Kongo, Naija, Amapiano, Taarabu, Zuku, Kihindi, Zilipendwa. Nilimkuta mzee mmoja anahudumiwa.

"Kijana, niwekee Jim Reeves. Zile za taratibu."

"Zipo mzee wangu, zote. Nikuchanganyie na Kenny Rogers?"

"Changanya. Na Dolly."

Zamu yangu ilipofika nikauliza kuhusu Garth Brooks. Kijana akaandika jina, akakosea, akaandika tena. "Huyo ni wa wapi, kaka?"

Nadhani ni suala la nani alifika wakati gani. Reeves, Don Williams na Dolly Parton walikuja enzi ambazo wimbo mtulivu, wenye maneno yanayosikika hata kwa Kiingereza cha shule, ulipata nafasi redioni na kwenye kaseti. Garth alitoa albamu ya kwanza 1989. Alipopanda juu kabisa, redio zetu mpya zilikuwa zimeshachagua kabila jingine la Marekani. Na alipogoma kuweka nyimbo zake kwenye mitandao kama Spotify, akaziba hata kile kitundu kilichobaki. Nafasi ya kantri kwetu ilishajaa wazee wake, na wazee hao hawastaafu.

Wapo wanaokwenda kinyume. Westlife wa Ayalandi wana namba moja 14 Uingereza, Marekani waliwahi kufika nafasi ya 20 tu, mwaka 2000. Lakini aliyesoma sekondari Tanzania miaka ile anaweza kukuimbia nyimbo zao akiwa usingizini, na saluni nyingi hapa bado huzipiga. Kassav', wakali wa zuku kutoka Guadeloupe na Martinique, waliimba Kikrioli ambacho hatukielewi hata kidogo, na tulicheza. Hawa kwetu ni wa kimataifa kuliko wengi walioshika chati za Marekani.

Upande wa bongofleva picha ni ileile. Diamond Platnumz ana Afrika Mashariki mkononi, na kolabo zake na Davido na Flavour kuanzia 2014 zilimfikisha Nigeria. Lakini biashara hiyo haijawahi kuwa sawa. Nyimbo za Lagos zinaingia Dodoma bila kubisha hodi. Zetu zikienda huko zinaingia na mwenyeji wa kuzishika mkono. Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200 na chati zake zimejaa watoto wake. Haina njaa ya kuagiza. Sioni aibu yoyote hapo kwa Diamond. Anayesema kwamba mtu "amefeli" kwa sababu hajabamba Lagos anasahau kwamba nyota wa Lagos nao hawana habari na Tokyo.

Tena kutobamba si hukumu ya milele. Kate Bush alikuwa nyota Uingereza tangu 1978, Marekani akibaki wa wachache. Wimbo wake wa 1985 uliishia nafasi ya 30 huko. Mwaka 2022 ukatumika kwenye tamthilia ya Netflix, ukapanda hadi ya 3, ukiwa na miaka 37.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa kwetu. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo, mwana wa mkoa huu wa Dodoma, mpiga zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, mwenye sauti iliyoweza kushuka kama ngoma na kupanda kama filimbi. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, baadaye akaweka makao Bagamoyo na kufundisha Chuo cha Sanaa. Alirekodi Japani. Alirekodi Uingereza na lebo ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, na mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alipanda jukwaa moja na Gabriel kwenye ziara yake Marekani. Kwa kipimo cha vijiweni, cha kujulikana na wazungu, hakuna Mtanzania wa kizazi chake aliyemfikia kirahisi.

Nyumbani anaheshimiwa, lakini heshima na kupigwa redioni ni vitu viwili. Muziki wake ulisafiri kupitia matamasha ya muziki wa asili, ambako watu wanakaa kimya wakisikiliza wimbo wa dakika kumi. Redio zetu zinataka dakika tatu na kiitikio. Na kwa Mgogo wa Chamwino, ilimba ni kitu cha babu na cha sherehe; hapewi sababu ya kukilipia kama burudani mpya. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wa ukoo huohuo, walitoa albamu yao *Maisha* kwa jina la The Zawose Queens, kupitia lebo ileile ya Real World. Nilimuuliza yule kijana wa kibanda kama anayo. Hakuwa nayo, ila jina alilijua, kwa sababu bibi yake ni wa Bahi na huimba nyimbo za namna hiyo wakati wa mavuno. Akasema nikimletea atanifungulia folda.