Ruhusa za faili, na tundu la Windows 10

Ruhusa za faili ni kanuni ambazo mfumo wa kompyuta huambatanisha na kila faili: nani aisome, nani aibadilishe, nani aiendeshe kama ni programu. Windows 98, kwenye diski zake za FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili), haikuwa na kanuni hizo. Aliyeketi mbele ya skrini alifungua chochote. Windows 10 inazo, tena za kina. Hatari huja kanuni zinapokuwepo lakini zimepangwa vibaya, kama ilivyofichuliwa Julai 2021 katika udhaifu wenye namba CVE-2021-36934, ambao wengi waliuita HiveNightmare.

Chukua kafe ya intaneti pale Wandegeya, Kampala, wanafunzi wa Makerere wanakochapisha kazi zao. Mwenye kafe ana akaunti ya msimamizi. Wateja hutumia akaunti ya kawaida, isiyoweza kugusa mipangilio ya mashine. Amefanya vizuri. Sasa, ndani ya folda ya System32\config kuna faili iitwayo SAM, inayotunza nywila za akaunti za mashine ile zikiwa zimegeuzwa kuwa heshi, yaani msimbo uliotokana na nywila lakini usiorudishwa kirahisi kuwa nywila yenyewe. Jirani yake kuna faili ya SYSTEM, yenye ufunguo wa kuifumbua SAM. Zote mbili zilipaswa kusomwa na msimamizi na mfumo wenyewe tu. Kuanzia toleo la 1809, Windows 10 iliwapa ruhusa ya kuzisoma watumiaji wote wa mashine, mteja wa kawaida akiwemo.

Lakini si kompyuta ikiwaka Windows huzishikilia faili hizo, programu nyingine zisiweze kuzifungua? Ndiyo, huzishikilia. Ila Windows pia hutengeneza nakala kivuli za diski, ili mambo yakiharibika mashine irudishwe hali yake ya awali, na mara nyingi hufanya hivyo yenyewe wakati wa kusasishwa. Ndani ya nakala hiyo SAM haijashikiliwa na yeyote, na ruhusa yake mbovu imenakiliwa pamoja nayo. Mteja mwenye nia mbaya anaisoma humo na kuchukua heshi ya msimamizi. Hata kuikisia nywila si lazima, kwa kuwa Windows yaweza kuikubali heshi yenyewe kama uthibitisho.

Microsoft ilitoa rekebisho Agosti 2021. Linalonitia wasiwasi ni kwamba rekebisho hilo halikufuta nakala kivuli za zamani. Kazi hiyo aliachiwa mwenye mashine. Fikiria SACCO yenye kompyuta moja inayotumiwa na karani, mhasibu na meneja, ikiwa na taarifa za wanachama wote. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Nayo Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine zilizobaki nayo zinahitaji jicho la karibu zaidi.

Kukagua ni rahisi. Ingia kwa akaunti ya kawaida, fungua dirisha la amri (Command Prompt), uandike icacls C:\Windows\System32\config\SAM. Ukikataliwa, ruhusa ya faili iko sawa, ingawa nakala kivuli za kabla ya rekebisho huenda bado zina kasoro. Ukionyeshwa mstari wenye BUILTIN\Users, yaani watumiaji wote wa mashine, mlango bado uko wazi: sasisha mfumo kwanza. Kisha, kwa akaunti ya msimamizi, futa nakala za zamani kwa vssadmin delete shadows /for=C: /all, halafu tengeneza nakala mpya. Usianze na kufuta, maana nakala itakayojitengeneza kabla ya rekebisho itabeba kasoro ileile.