Michezo ya meseji: utani unaogeuka vitisho

Meseji huingia usiku: "Chagua, useme ukweli au utimize amri." Swali la kwanza ni jepesi, nani anakuvutia darasani. Amri ya kwanza nayo haina neno: tuma sauti yako ukiimba. Kijana anacheka, anajibu, anaulizwa tena. Raundi kadhaa baadaye anaamriwa apige picha bila shati, na kukataa sasa kunaonekana ni kuharibu mchezo.

Mara nyingi mtu wa namna hii haanzi kwa kuomba picha ya utupu. Huanza na kidogo, kikizoeleka kinaongezwa. Kisha yanakuja masharti: usimwambie mtu, futa ukishasoma, jibu ndani ya dakika tano. Hilo la haraka ndilo baya kuliko yote, maana linamnyima kijana nafasi ya kufikiri. Na anayejiita msichana wa miaka 15 huenda ni mtu mzima.

Picha ikishafika, lugha hubadilika: tuma nyingine au lipa, la sivyo wazazi wako wataiona. Kulipa humwonyesha tu mtishaji kwamba amekushika. Usimtumie chochote tena. Piga skrinshoti ya vitisho, namba na jina la akaunti, ndipo umzuie na kwenda polisi. Picha yenyewe isisambazwe kwa yeyote, hata kwa nia ya kuomba msaada.

Kwa aliyepigwa picha kabla ya kutimiza miaka 18 ipo huduma ya bure, Take It Down, ya National Center for Missing & Exploited Children ya Marekani. Picha yenyewe haitumwi, hubaki kwenye simu yako. Kinachotumwa ni alama ya kidijitali inayoisaidia mitandao iliyojiunga kuitambua na kuiondoa. Iliyokwisha hifadhiwa kwenye simu ya mtu mwingine haifikiwi.

Wazazi nao hupenda kusambaza maonyo. Mwaka 2019 onyo kuhusu "Momo", mchezo wa meseji wenye picha ya sura ya kutisha uliodaiwa kuwaamuru watoto wajidhuru, lilienea kwa kasi, ilhali sura ile ilikuwa ya sanamu iliyotengenezwa Japani, na mashirika ya hisani ya Uingereza yalisema hayakuona ushahidi kwamba mchezo huo umedhuru watoto. Onyo lenyewe lingeweza kuwatisha watoto walioonyeshwa picha hiyo na watu wazima.

Mtishaji anategemea jambo moja: mtoto anaogopa kugombezwa na kunyang'anywa simu kuliko anavyomwogopa yeye. Kwa hiyo mtoto akikuletea simu, mwambie kwanza kwamba amefanya vizuri kukuambia. Maswali ya "kwa nini ulituma" yasubiri.