Droo ya kuvuta ndani ya kabati la jikoni maana yake nini

Watu wakisikia droo wanawaza ile ya kawaida, uso wake uko nje na kishikio chake. Hii ya kuvuta ni tofauti kidogo, yenyewe inakaa ndani ya kabati nyuma ya mlango, unafungua mlango kwanza afu ndo unaivuta, kwa hiyo ukiangalia kwa nje kabati ni lilelile tu. Yaani ni shelfu iliyowekewa reli, vile vyuma vya pembeni vinavyoifanya iteleze kutoka na kuingia. Badala ya wewe kupiga magoti na kuingiza kichwa kutafuta sufuria iliyojificha kule nyuma, sufuria ndo inakufuata.

Sasa reli ndo kila kitu hapa, sanduku la mbao (yaani droo yenyewe) hata fundi mwanafunzi atalitengeneza. Reli za pembeni zenye beringi (hizi ndo zimezoeleka) zina vipande viwili vinavyotelezeana au vitatu, vya vitatu vinatoa droo nje yote na kwa kabati la chini mimi nisingechukua zingine, manake ile ya vipande viwili inatoka robo tatu tu, inakuachia kiza kilekile ulichokuwa unakikimbia. Kila reli inakula karibu milimita 12.7 za upana, ziko mbili, kwa hiyo sanduku linatakiwa liwe dogo kuliko nafasi kwa kama milimita 26. Kabati lina milimita 500 ndani, sanduku ni 474. Likizidi hata kidogo linakwama na itabidi upige randa, likipungua milimita moja mbili unaweka kikaratasi kigumu nyuma ya reli maisha yanaendelea. Ndo maana nasema nunua reli kwanza, soma vipimo vyake, afu ndo ukate mbao, na upime mbele na nyuma maana makabati mengi hayajanyooka, unatumia kipimo kile kidogo.

Halafu kuna bawaba, hapa ndo watu wengi wanaumia. Mlango ukifunguka nyuzi 90 mara nyingi bawaba na unene wa mlango vinabaki vimeingia kwenye njia ya droo, sanduku linatoka linagonga. Dawa yake unapigilia kipande cha mbao upande wa bawaba, tuseme milimita 20, reli inakaa juu yake, na hapo hesabu inabadilika, 500 toa 20 toa 26 inabaki 454. Au ubadilishe bawaba uweke zinazofunguka sana mpaka mlango unatoka kabisa njiani.

Kufunga kwenyewe sio kazi kubwa. Reli zote mbili ziwe kimo kimoja na zilale sawa (tumia pimamaji, jicho linadanganya), zirudi ndani milimita chache ili mlango ufunge bila kugusa droo. Skrubu anza na vile vitundu virefu virefu, hivyo vinakuruhusu kusogeza reli juu chini, ukishajaribu droo ikateleza vizuri ndo unakaza kwenye vitundu vya duara. Na angalia reli imeandikwa inabeba kilo ngapi, masufuria na vyombo vya udongo vikijaa ni mzigo wa kweli, tena uzito unauma zaidi droo ikiwa imetoka nje yote.