Nundu za wadudu kwenye vichaka vya beri mwitu: ni nini, na unazitambuaje?

Nundu ya mdudu ni uvimbe wa mmea unaoota kwenye shina, jani au mzizi baada ya mdudu kutaga mayai hapo. Mdudu mwenyewe hajengi kitu. Mmea ndio unaoota uvimbe huo kwa tishu zake, ukichochewa na kemikali za mama aliyetaga au za mabuu wake, na mabuu hupata humo chakula na makazi. Kila aina ya mdudu huchochea mmea kwa namna yake, ndiyo maana umbo la nundu mara nyingi hutosha kumtaja mhusika hata kama hujamwona.

Kwa hiyo anza na mmea. Kama ni bluberi mwitu ya mashariki mwa Marekani na Kanada, na kijiti kina nundu yenye umbo la figo, ya sentimita 1 hadi 3 hivi, huyo ni nyigu mweusi aitwaye Hemadas nubilipennis, ambaye urefu wake ni kama milimita 2 au 3 tu. Nundu ikiwa changa huwa ya kijani au nyekundu na laini. Baadaye hugeuka kahawia, ikakauka na kuwa ngumu kama ubao. Jinsi jike anavyofanya kazi inastaajabisha: hutaga kwenye chipukizi laini, kisha huidungadunga ncha yake mpaka inakufa. Tawi hilo halirefuki tena. Mabuu hupitisha baridi yote ndani ya nundu, na joto likirudi nyigu wapya hutoboa vitundu vya mviringo wakatoka.

Kwenye blakiberi za Amerika Kaskazini, nundu ndefu yenye mifereji inayofuata urefu wa shina, ambayo huweza kufika sentimita 15, ni ya nyigu mwingine, Diastrophus nebulosus. Ulaya, uvimbe kwenye mashina ya rasiberi na blakiberi huweza kuwa wa kisubi Lasioptera rubi.

Umbo likikutatanisha, pasua kwa kisu. Nundu ya Diastrophus ina vyumba vingi vidogo, kila kimoja na buu wake mweupe. Ya Lasioptera ina mabuu wa rangi ya chungwa. Usipoona chumba wala njia ya mdudu, na uvimbe ni wa mabongebonge yanayomeguka, hasa karibu na ardhi, shuku bakteria wa Agrobacterium. Huo ni ugonjwa, na ndio unaopaswa kumtia mkulima wasiwasi kuliko nundu chache za nyigu.

Ukitaka kuwaona wadudu wenyewe, chukua nundu isiyo na vitundu mwishoni mwa baridi, iweke kwenye chupa, ufunge mdomo kwa kitambaa chepesi. Lakini usikimbilie kumwita kila anayetoka mwenye nyumba: nundu hizi huingiliwa sana na nyigu wengine, ambao mabuu wao huwala mabuu waliozianzisha.