1080i au 720p: mpira uangalie kwa ipi?

Mteja wa televisheni hapa Luthuli Avenue, Nairobi, huuliza inchi, kisha bei. Ile herufi inayofuata namba kwenye menyu ya king'amuzi, i au p, haulizi kabisa, na ndiyo inayoharibu mpira wake.

Kwenye i, picha huja nusu nusu: mistari ya witiri kwanza, halafu ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde. Mbinu hii ni kongwe. Mfumo wa mistari 405 uliorushwa na BBC London mwaka 1936 uliitumia, kwa sababu ilipunguza kumetameta kwa picha bila kuongeza mzigo wa mawimbi. Kwenye p, kila fremu, yaani picha moja kamili, huja nzima.

Namba ni idadi ya mistari ya picha, hivyo watu husikia 1080 wakadhani imeiacha 720 mbali. Piga hesabu: nusu moja ya 1080i ni nukta 1920 kwa mistari 540, yaani nukta 1,036,800. Fremu ya 720p ni nukta 921,600. Tofauti ni ndogo. Msomaji wa habari akiwa ametulia, nusu mbili zinaungana vizuri na 1080i inashinda. Winga akichomoka, nusu ya pili inamkuta ameshasogea, na ukiziunga hivyo hivyo kingo za jezi zinaota meno kama kitana.

Skrini bapa haiwezi kuonyesha nusu, lazima ijengewe picha nzima. Chombo kizuri huunga palipotulia na kukisia palipo na mwendo. Cha bei poa hukisia kila mahali, picha ikafifia. Filamu haina shida hiyo: katika nchi za mfumo wa nusu 50 kwa sekunde kama yetu, kwa kawaida huendeshwa fremu 25 kwa sekunde, hivyo nusu zote mbili hutoka kwenye fremu moja na huungana bila hasara.

Kwa hiyo amua nani afanye kazi hiyo. King'amuzi ukikiweka 1080i, televisheni ndiyo itakayojenga. Ukikiweka 1080p au 720p, kimejenga chenyewe. Jaribu zote mechi ikiendelea (si wakati wa penalti, utafukuzwa sebuleni). Kamera ikikimbia, kodolea macho chaki ya pembeni mwa uwanja: ikitetemeka au kukatika vipande, badilisha. Mimi huiachia televisheni ikiwa ni nzuri.

Chaneli inayorushwa kwa 576i, ule ubora wa kawaida usio HD, nayo, haitaongezewa hata nukta moja ya kweli na menyu hiyo. Itatanuliwa tu.