Je, wajua kwa nini kifua na mabega huuma ukianza kukimbia?

Dada akianza kukimbia kila mtu anamuuliza magoti yanaendeleaje, kumbe kinachomrudisha nyumbani mapema ni matiti na mabega. Mimi siku ya kwanza nikikimbia msitu wa Karura, Nairobi, nilienda na sidiria yangu ya kawaida ya kazini, kufika nyumbani nikaingia kuoga, maji yalipogusa chini ya titi nikaruka, ngozi ilikuwa imechubuka mstari mzima na mabegani kuna alama mbili nyekundu. Nikadhani ni mwili wangu tu haujazoea.

Shida ni kwamba ndani ya titi hakuna msuli wa kulishikilia. Msuli wa kifua uko nyuma yake, kwa hivyo hata upige pushapu ngapi bado litaruka. Linashikiliwa na ngozi pamoja na kano nyembamba zinazoitwa kano za Cooper, zilielezwa na daktari Mwingereza Astley Cooper mwaka wa 1840. Na haliendi juu na chini peke yake, linaenda kando, mbele na nyuma pia, ukichora njia yake inakaribia namba nane, halafu linachelewa, wewe umeshaanza kushuka lenyewe bado linapanda. Hapo ndipo ngozi na kano zinavutwa, kila hatua, na ukikaribia siku zako ndio unasikia zaidi.

Sasa mabega. Wengi wakiona matiti yanaruka wanakaza mikanda ya juu ya sidiria, na hapo ndipo tunakosea, manake kazi kubwa ya kubeba ni ya ule ukanda unaozunguka mbavu. Ukanda huo ukilegea, uzito wote unaning'inia begani, unaanza kujikunja kifua bila kujua, ngumi zimekazwa, mabega yako masikioni. Ongeza na hii Nairobi yetu iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, anayeanza anahema hadi kwa misuli ya shingo, jioni anasema alilalia shingo vibaya.

Ukijaribu sidiria inua mikono yote miwili, ukanda wa chini ukipanda hiyo ni kubwa. Vidole viwili viingie chini yake kwa kubana kidogo, kisha ruka ruka hapo hapo mbele ya kioo, usione haya. Kama ni mitumba ya soko la Gikomba au Toi, vuta lastiki uiachilie, isiporudi haraka iache hata kama ni kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, na rangi umeipenda. Pale panapochubuka paka Vaseline kabla hujatoka.

Inaniuma kwamba sidiria ya michezo ilikuja juzi tu, mwaka wa 1977, wakati Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller kule Vermont, Marekani, walishona pamoja mikanda miwili ya kushikilia sehemu za siri ambayo wanaume huvaa wakicheza. Juni 2025 Faith Kipyegon akikimbia maili moja Paris kwa dakika nne na sekunde sita na kitu, sidiria yake ilikuwa imechapishwa kwa printa ya 3D.

Ila maumivu ya kubana katikati ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda kwa taya, hayo si ya sidiria, simama uende hospitali mara moja. Uvimbe kwenye titi pia, usiungoje upotee.